Jairokopta inazunguka vizuri lakini haipandi: ni propela au ni hewa ya Nairobi?

KanyagaHewa (mwenye uzi), Rongai

Wadau, habari zenu. Naomba msaada kabla sijauza figo ninunue propela mpya.

Mwezi wa pili nilinunua jairokopta (ndege ndogo inayobebwa na rota, yale mapanga ya juu yanayozungushwa na hewa tu) ya kiti kimoja kutoka Pwani, ile ya fremu wazi, propela ikiwa nyuma ya mgongo wa rubani. Injini ni Rotax 582 ya mipigo miwili, farasi 65 kwenye mizunguko 6,500. Giaboksi ni aina ya B, uwiano 2.58. Propela ni ya kaboni, mabapa matatu, kipenyo inchi 60, na pichi, yaani pembe ya mabapa, inarekebishwa kwa spana mashine ikiwa ardhini. Kule Diani niliijaribu mwenyewe: nikiwa nimeifunga ilifika mizunguko 6,300, na nilipoiachia iliondoka kama swala. Nikaipakia kwenye lori, nikaifungulia kwenye uwanja wetu wa murram upande wa Kajiado. Vituko vikaanzia hapo.

Siku ya kwanza nimeifunga kwenye mgunga, nimekanyaga mafuta yote: 5,900, haisogei. Nikajiambia pichi ni kubwa, propela inailemea injini. Nikapunguza digrii 2 kila bapa. Ikapanda hadi 6,400. Nikafurahi, nikaruka. Jamani, nilimaliza robo tatu ya uwanja magurudumu yakiwa bado yanakwaruza murram, na nilipoinuka nilihesabu dakika 1 na sekunde 25 kupanda futi 500. Mimi nina kilo 74, si mnene.

Jamaa mmoja wa uwanjani anasema propela yangu ni "ya Pwani", kwamba huku juu natakiwa kununua nyingine, na bei aliyonitajia ni ya ploti. Kuna ukweli?

Makanga46

Punguza mzigo. Shusha dereva.

MzeeSpana, Lang'ata

Pole kijana. Propela haina Pwani wala bara. Toa plagi zote nne uniambie rangi, halafu ndiyo tuongee. Na siku nyingine ukikuta mgonjwa usimpe dawa kabla ya kumpima. Ulishageuza pichi, sasa tuna mambo mawili ya kufumbua badala ya moja.

KanyagaHewa

Asante mzee. Nimezitoa jana jioni. Zote nne nyeusi, masizi kama ya sufuria ya kuni. Nimepitisha kidole, yamebaki kidoleni.

MzeeSpana

Nilijua. Kabureta zako zilipangwa kwa hewa ya Diani. Jeti, kile kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta, inapitisha petroli ileile, lakini hewa ya kuichoma huku ni pungufu. Injini inameza petroli isiyoweza kuimaliza, inakohoa masizi, farasi wanapotea njiani.

Shuka saizi moja ya jeti kuu kwa kila kabureta, angalia na klipu ya sindano, kisha jaribu. Saizi moja, usiruke mbili. Jicho lisitoke kwenye kipimo cha joto la ekzosi, kwa sababu injini ya mipigo miwili ikikosa petroli itapozwa na nini tena? Petroli ndiyo inayobeba oili na ndiyo inayopooza pistoni. Na andika kwa kalamu nene juu ya tangi: JETI ZA NAIROBI. Siku ukiirudisha baharini bila kubadilisha jeti, utatoboa pistoni kabla hujaona minazi.

DadaHesabu, Juja

Mzee ameshamaliza kazi, lakini wacha niweke namba kwa sababu hapa kuna mtego ambao watu wengi wanaingia.

Uwanja wa Wilson uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 26, mita moja ya ujazo ya hewa ya hapo ina uzito wa kilo 0.96 hivi. Kipimo cha vitabuni cha usawa wa bahari ni 1.225. Kwa hiyo unafanya kazi na asilimia 78 ya hewa, na mashine yako inajiona iko kama futi 8,000 hata kama bado hujaondoa gurudumu ardhini.

Injini isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, kwenye hewa hiyo inabaki na robo tatu ya nguvu, hivi. Sasa mtego wenyewe: propela nayo, hewa ikipungua, inakuwa nyepesi kuizungusha, karibu kwa kiasi kilekile. Nguvu imeshuka na mzigo umeshuka, vyote pamoja, basi mizunguko inabaki palepale. Nimepiga hesabu: 6,300 zako za Diani, injini ikiwa imepangwa sawasawa, zingekuwa 6,200 na kitu huku. Saa ya mizunguko ingekuonyesha mambo ni shwari kabisa, huku msukumo umepungua kwa karibu robo.

Kwa hiyo zile 5,900 hazikusababishwa na propela. Hewa peke yake ilitakiwa ikupokonye kama mizunguko 80, wewe umepoteza 400. Nyingine zote ni masizi. Ulipolaza pichi uliipa injini mgonjwa mzigo mwepesi, ikakimbia, nawe ukadhani imepona.

Kama una mizani, pima msukumo. Mizunguko pekee haitakuambia kitu.

KanyagaHewa

Dada, hapo kwa mizunguko kubaki palepale nimesoma mara tatu. Yaani miezi hii yote nimekuwa nikitazama saa isiyosema ukweli?

Mizani nimepata. Ni ile ya ndoano ya dijitali wanayopimia magunia, nimeazima kwa mama mmoja wa viazi soko la Kiserian, inafika kilo 300. Nitaifunga kati ya mkuku (bomba la chini la fremu) na mgunga.

DadaHesabu

Saa inasema ukweli, wewe ndiye unamuuliza swali lisilo lake 😀

Pima saa ileile kila siku. Asubuhi ya nyuzi 13 na mchana wa nyuzi 27, hewa inatofautiana karibu asilimia 5, na hiyo ni zaidi ya faida utakayopata kwa marekebisho mengi madogo. Upepo ukivuma subiri utulie. Kamba iwe mlalo. Na asikae mtu nyuma wala ubavuni mwa propela, hata wa kupiga video.

BahariaKilindini, Mombasa

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mtu wa boti, hiyo mnayoiita propela sisi wazee tunaiita rafadha, lakini maji na hewa ni mtu na binamuye. Nenda pale Likoni utazame tagi inayovuta meli: rafadha kubwa, inazunguka taratibu. Boti ya kasi ina rafadha ndogo inayolia kama nyigu. Kazi ya jairokopta yako ni ya tagi. Mwendo wake ni mdogo na mzigo ni mzito. Sasa bwana, hizo inchi 60 zinatosha?

DadaHesabu

Baharia kanena. Kusukuma hewa nyingi polepole kunakula nguvu kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa pupa. Kwa nguvu ileile, ukitoka inchi 52 kwenda 62, nadharia inakupa msukumo wa kusimama zaidi kwa asilimia 12, bure, bila hata farasi mmoja wa nyongeza. Ndiyo maana jairokopta za zamani za Bensen, zilizofunga propela moja kwa moja kwenye injini ya McCulloch bila giaboksi, zilikuwa na kelele nyingi kuliko msukumo. Propela ya futi 4 kwa mizunguko 4,000 na ushei, ncha zinakimbia robo tatu ya kasi ya sauti. Hapo nguvu inageuka kelele.

Kwa huyu ndugu yetu: inchi 60, mizunguko 2,500 baada ya giaboksi, ncha ziko mita 200 kwa sekunde. Kasi ya sauti kwa nyuzi 26 ni kama 347. Ncha hazina tatizo. Ana nafasi ya kukuza kipenyo na kupunguza mizunguko.

ChugaBoy, Arusha

Wakuu nimechelewa ila nipo. Mkuu mwenye uzi, jibu liko wazi: tupa giaboksi ya B, funga ya C yenye 3.47, weka propela ya inchi 68. Inazunguka chini ya 1,900, utapanda kama lifti. Huku kwetu nako ni juu, tunaelewana.

MzeeSpana

Kijana wa Arusha, kwanza umepatia: giaboksi ya B ina kikomo cha inesha ya propela, yaani jinsi inavyokataa kuzungushwa, kilo-sentimita mraba 3,000. Aina ya C inaruhusu 6,000. Kwa hiyo anayetaka propela kubwa ni lazima abadilishe giaboksi pia, asije akasaga meno ya gia hewani. Hilo wengi wanalisahau, wanaangalia matundu ya bolti yakilingana basi.

Lakini ya pili umeruka. Hiyo inchi 68 inapita wapi? Chini kuna mkuku, mbele kuna mlingoti. Ukiongeza inchi 8 za kipenyo, bapa linashuka inchi 4 zaidi. Ili lisiugonge mkuku utainua injini inchi 4. Na ukiinua injini, umeinua mstari wa msukumo juu ya kitovu cha uzito.

Hapa nisikilizeni vizuri. Jairokopta ikiwa na rota iliyobeba uzito, rota inavuta kwa nyuma huku propela inasukuma kwa mbele, mambo yanalingana. Sasa ukikutana na hewa inayoshuka, au ukisukuma fimbo mbele ghafla, rota inakosa mzigo kwa nusu sekunde. Mvuto wake unatoweka. Propela haijui hayo, inaendelea kusukuma, tena kutoka juu ya kitovu cha uzito. Pua inainama, inapinduka mbele kama mtu aliyesukumwa mabegani. Ikifika hapo hakuna rubani wa kuirudisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walilichunguza jambo hili kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Uingereza, wakakuta kuwa urefu wa wima kati ya mstari wa msukumo na kitovu cha uzito ndio unaoamua tabia ya mashine. Kipimo kilichowekwa ni usizidi inchi 2.

Kwa hiyo inchi 4 za ChugaBoy ni msukumo mzuri sana wa kukupeleka kaburini.

ChugaBoy

Shikamoo mzee. Nimenyamaza.

MzeeSpana

Marahaba. Usinyamaze, swali lako limetusaidia.

Mwenye uzi, urefu wa kitovu cha uzito kwa wima unaupata hivi. Ining'inize mashine kwa bolti ya kichwa cha rota, wewe ukiwa umekaa kitini na tangi likiwa na nusu. Teremsha timazi kutoka kwenye bolti, piga chaki kwenye mlingoti na fremu. Kisha ining'inize kwa sehemu nyingine, mbele, teremsha timazi tena. Mistari ya chaki inapokatana ndipo kitovu kilipo. Halafu pima umbali wima hadi katikati ya propela. Fundi wa kuchomelea mwenye winchi ya injini anakutosha, ila mtu wa pili akushike.

KanyagaHewa

Mzee, nimefanya Jumamosi kwenye karakana ya jirani. Watoto wote wa mtaa walikuja kuona mtu mzima ananing'inia kwenye ndege isiyo na mabawa. Mstari wangu wa msukumo uko inchi 1 na nusu juu ya kitovu. Nina bawa la mlalo kwenye mkia, lile liko.

Maana yake siwezi kuinua injini. Nafasi kati ya ncha ya bapa na mkuku ni sentimita 5. Basi inchi 60 ndiyo mwisho wangu.

DadaHesabu

Sawa kabisa. Kipenyo kikishafungwa, ndipo mabapa matatu yanapokuwa na maana. Mawili ya kipenyo kikubwa yangekuwa na ufanisi zaidi, lakini nafasi huna. Na kuna jingine: mlingoti uko juu, mkuku uko chini, kwa mstari mmoja. Bapa mbili zinaingia kwenye hewa iliyovurugika kwa wakati mmoja, moja juu moja chini, na mashine inatikisika puu-puu-puu. Tatu zinapokezana.

BahariaKilindini

Hapo kwa hewa iliyovurugika ndipo nilitaka kufika. Kwenye boti, rafadha nzuri nyuma ya tezi mbaya ni hasara. Wewe mwenyewe umekaa mbele ya rafadha, umeweka tangi, umeweka injini. Maji yako yanafika nyuma yameshakorogwa. Una nini kingine hapo kati?

KanyagaHewa

Rediata. Iko wima nyuma ya kiti, upana wa sinia la pilau, kama sentimita 20 mbele ya mabapa.

BahariaKilindini

Lahaula.

MzeeSpana

Rediata hiyo inaziba sehemu ya duara na inavuruga zaidi kuliko inavyoziba. Bapa likipita nyuma yake linakutana na hewa inayotembea kwa kasi nyingine, pembe yake inabadilika ghafla, kisha likitoka inabadilika tena, mara 42 kila sekunde. Huo ndio mtetemo, ndiyo kelele, na ndipo ufanisi unapovuja. Ihamishe pembeni au juu ya injini, karibu na kitovu cha duara ambapo mabapa hayafanyi kazi kubwa.

Kukisia kusikutese. Kata nyuzi za sufi za urefu wa kidole, zibandike kwa selotepu nyuma ya tangi, kwenye rediata, kwenye mlingoti. Tembea uwanjani mtu wako wa pikipiki akupige video kutoka ubavuni, mbali. Uzi uliolala unaonyesha hewa tulivu. Uzi unaocheza chakacha, hapo pana shida.

Spesa ya kurudisha propela nyuma inasaidia pia, lakini ina deni lake: beringi ya giaboksi inabeba zaidi, na uzito unahamia nyuma. Usizidishe ile mtengenezaji anayoikubali. Na lolote unalobadilisha, mkaguzi wako alione na karatasi za KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, ziwe sawa kabla hujaruka. Jeti na pichi ni matunzo, kuhamisha rediata na kufunga spesa ni mabadiliko.

Makanga46

Swali la dhati sasa: kwa nini asizungushie propela kifuniko cha duara, kama feni ya boti za kinamasi? Nimeona video.

DadaHesabu

Swali zuri. Duara likitengenezwa vizuri linaongeza msukumo wa kusimama kweli. Ila nafasi kati ya ncha na ukuta inatakiwa iwe milimita chache pande zote, na fremu ya jairokopta inacheza kuliko hapo. Ukilegeza nafasi, faida inayeyuka na umebaki na uzito na ukinzani wa hewa mgongoni. Na kama bapa litagusa… acha tu.

KanyagaHewa

MREJESHO. Samahani kwa wiki tatu za kimya, mvua ilitufungia uwanja, halafu rediata ilinitoa jasho.

Vipimo vyote ni saa nne asubuhi, nyuzi 20 hadi 22, hakuna upepo, mizani ileile ya viazi.

Kama nilivyokuwa, pichi iliyolazwa na jeti za Pwani: mizunguko 6,400, kilo 110. Nilidhani mizani imeharibika. Nikajipima mwenyewe kwa kuning'inia, ikasoma 74.

Nikashuka jeti saizi moja, nikairudisha pichi ya Diani. Ilifika 6,200, dada, ile namba uliyoitaja! Kilo 126. Mizunguko imepungua na msukumo umeongezeka. Plagi sasa zina rangi ya kahawa ya maziwa.

Kurekebisha pichi nilitumia kipimapembe cha dijitali, robo tatu ya urefu wa bapa kutoka katikati, kila bapa nikiwa nimelizungusha hadi mahali pamoja palipowekwa alama. Nikagundua aibu: nilipolaza mara ya kwanza kwa jicho, bapa moja lilikuwa limetofautiana na wenzake kwa digrii moja nzima. Ndiyo maana vioo vilikuwa vikitetemeka hata sioni nyuma. Sasa yote yako ndani ya sehemu mbili za kumi za digrii. Nikaangalia na njia ya ncha kwa kipande cha mbao kilichosimamishwa pembeni, plagi zikiwa zimetolewa, nikizungusha kwa mkono. Tofauti milimita 2.

Halafu rediata. Nyuzi za sufi nyuma yake zilikuwa zinacheza chakacha kweli, moja ilikuwa inaelekea MBELE. Mkaguzi amekuja, ameangalia, amesaini. Iko juu ya injini sasa, joto la maji limepanda nyuzi 4 tu. Kilo 131, na kelele imebadilika. Zamani ilikuwa inakereza, sasa inavuma. Jirani wa ng'ombe kaniuliza kama nimenunua injini nyingine.

Kupanda futi 500: sekunde 55. Propela ni ileile. Gharama yote: jeti mbili, mipira ya maji, bomba za alumini, na debe la viazi nilimnunulia mama wa mizani kwa heshima.

Spesa sijafunga. Kwa inchi yangu 1 na nusu na beringi ya B, nimeona nisijitafutie.

DadaHesabu

Kilo 131 kutoka 110, kwa hewa hii, bila kununua bapa hata moja. Asante kwa kurudisha majibu, wengi hupotea wakishapona.

Jambo moja: msukumo wa kusimama usiufanye dini. Ukianza kulaza pichi ili tu mizani isome zaidi, utafika mahali ambapo kwenye maili 60 kwa saa propela haina cha kushika, inazunguka bure. Saa ya kupandia ndiyo hakimu.

MzeeSpana

Vizuri kijana. Sasa nionyeshe picha ya kingo za mbele za mabapa, karibu na ncha.

KanyagaHewa

Hii hapa mzee. Kuna vidonda kama vitano, kimoja kinaingia ukucha.

MzeeSpana

Murram hiyo. Magurudumu yako yanarusha kokoto moja kwa moja kwenye mabapa, ndiyo laana ya propela ya nyuma. Hicho cha ukucha usikirukie, kipelekee fundi wa kaboni akijaze na propela isawazishwe upya. Vidogo vifunike kwa utepe wa kingo. Halafu weka madigadi kwenye magurudumu yote matatu, na usikanyage mafuta yote ukiwa umesimama juu ya kokoto. Anza taratibu, ongeza ukishatembea. Na funga zipu za mifuko ya jaketi. Nimewahi kuona glavu ikipita pale nyuma. Glavu tu, bapa likapasuka.

KanyagaHewa

Nimeelewa. Kesho asubuhi niko Kirinyaga Road natafuta madigadi ya toroli za plastiki, zile za inchi 14. Mwenye kujua duka zuri anitumie ujumbe.

Makanga46

Shukia Globe. Uliza madigadi ya mkokoteni, ukisema ni ya ndege bei inapanda sekunde 55.